Historia ya Ardhi Tunayolima: Kutoka Miaka 999 Hadi Msimu Mmoja



Kamati ilipogawa kazi ya kitabu hiki, mweka hazina alipewa hesabu, katibu akapewa majina na picha, na mwenyekiti akaambiwa aandike historia. Sasa historia ya kikundi mnaijua. Tulianza tukiwa 18, kando ya kanisa, kila mtu na shilingi hamsini yake Jumamosi, na leo tuko 41. Hiyo haihitaji kurasa nyingi. Historia ambayo wengi wetu hatuijui vizuri ni ya ardhi hii tunayokanyaga hapa Uasin Gishu, na sababu ya kuiandika ni swali.

Swali lenyewe lilitoka kwa mama mmoja kijana katika mkutano wetu. Tulikuwa tunajadili zile pesa za shamba, kama tununue au tukodi tena. Akauliza, "Kwani tukikodi kuna shida gani? Wazungu si walikodi tu, na wakatajirika?" Watu wakacheka. Lakini mama yetu mmoja mkubwa, yule anayeketi karibu na mlango, hakucheka. Akasema, "Mwanangu, kukodi kwa Mzungu na kukodi kwako si kukodi kumoja." Halafu akanyamaza, na mkutano ukaendelea na mambo ya kuku. Sisi hatukuyasahau maneno hayo. Tumeuliza wazee, tumesoma vitabu tulivyoazimwa na mwalimu mstaafu, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Uwanda huu unaitwa kwa jina la Wamaasai wa Uasin Gishu, waliolisha ng'ombe hapa mpaka walipotawanywa katika vita vya Wamaasai wenyewe kwa wenyewe karne ya 19. Kabla yao watu wanataja Wasirikwa, wale ambao mashimo yao bado yanaonekana huku na huku, na watoto wetu huingia humo kucheza. Baadaye Wanandi na Wakeiyo wakawa wanaleta mifugo yao kulisha. Waingereza walipofika, waliona nyasi ndefu na watu wachache, wakasema hapa hapana mwenyewe. Hilo neno ndilo mwanzo wa mambo yote. Sisi wakulima tunajua kwamba mtu akiliacha shamba lipumzike msimu mmoja, jirani hawezi kusimama kwenye mpaka na kutangaza ati halina mwenyewe.

Mwanzoni uwanda huu ulihesabiwa kuwa upande wa Uganda. Mwaka wa 1902 mpaka ukasogezwa, tukawa upande wa Kenya, ambayo wakati huo waliiita Himaya ya Afrika Mashariki. Mwaka huohuo ikatoka Sheria ya Ardhi ya Mfalme. Yaani ardhi waliyoona haina mtu ikawa ya Mfalme wa Uingereza, na serikali yake ikapewa uwezo wa kuiuza au kuikodisha kwa muda usiozidi miaka 99. Reli ilikuwa imefika Kisumu mwaka wa 1901, ilikuwa imekula pesa nyingi, na serikali ilitaka watu wa kulima mazao ya kupakia kwenye mabehewa. Wakulima walikuwako, lakini waliotakiwa ni wa kutoka nje.

Hapa kuna jambo ambalo wengi wetu hatukuwahi kulisikia. Watu wa kwanza ambao serikali ilitaka kuwapa uwanda huu walikuwa Wayahudi. Mwaka wa 1903, Wayahudi walikuwa wanauawa kule Urusi, na Waziri wa Makoloni wa Uingereza, Joseph Chamberlain, akawaambia viongozi wao kwamba angeweza kuwapatia mahali pa kukaa Afrika Mashariki. Mahali penyewe palikuwa hapa Uasin Gishu. Mapema mwaka wa 1905 walitumwa watu watatu kuja kuangalia. Walizunguka na mahema, wakaona, wakarudi, na mwaka huohuo mkutano wao mkuu ukakataa. Hata leo vitabu huliita jambo hilo Mpango wa Uganda, kwa sababu ya ule mpaka wa zamani. Tunajiuliza tu, walipokuwa wanazungumza kule Ulaya kama waichukue au waiache, ni nani huku aliyeulizwa?

Mwaka huohuo wa 1905, mwezi wa Oktoba, Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, aliuawa na ofisa wa Kiingereza, Richard Meinertzhagen, mahali walipokuwa wamepatana kukutana wazungumze amani. Wanandi wakashindwa baada ya kupigana miaka mingi, wakasukumwa ndani ya rizavu, mbali na reli. Basi njia ikawa wazi.

Waliokuja kuikalia ni Makaburu kutoka Afrika Kusini. Walikuwa wamepigana na Waingereza huko kwao, wengi wakabaki bila kitu. Wachache walitangulia, na mwaka wa 1908 likaja kundi kubwa likiongozwa na Jansen van Rensburg, familia zaidi ya 40. Walifika Mombasa kwa meli, wakapanda treni mpaka Nakuru, halafu wakapanda huku juu kwa magari ya kukokotwa na maksai, msituni na matopeni, mpaka Oktoba wakafika karibu na kilima cha Sergoit. Tuseme kweli, safari ile ilikuwa ngumu, na wake zao waliisafiri pamoja nao wakiwa na watoto wachanga. Hatuwaonei wivu kwa jasho lao. Tunachouliza ni habari ya karatasi waliyopewa walipofika.

Serikali ilikuwa imekata uwanda vipande na kuvipa nambari. Nambari 64 kilikuwa kipande ambacho hakikuwa kizuri kwa kilimo, na hapo ndipo ofisi ya serikali na posta zikawekwa. Ndiyo maana wazee wetu mpaka leo wanaiita Eldoret "Sisibo". Ni ile sitini na nne ya Kiingereza iliyogeuka mdomoni. Jina la Eldoret lilikuja mwaka wa 1912. Tunapoenda sokoni kuuza mboga, tunauza juu ya shamba la nambari 64.

Walowezi hawakuridhika na miaka 99. Walilalamika kwamba ni michache, ati mtu hawezi kupanda miti na kujenga nyumba ya mawe kwa muda mfupi kama huo. Walikuwa na baraza lao na watu wa kuwasemea, na mwaka wa 1915 ikatoka sheria mpya ya Ardhi ya Mfalme. Miaka 99 ikawa 999.

Mweka hazina wetu alipigiwa hesabu hii mara mbili kabla ya kukubali. Mtu aliyeanza kukodi mwaka wa 1915 angemaliza mwaka wa 2914. Kodi yenyewe ilikuwa senti chache kwa ekari kwa mwaka. Sheria hiyohiyo ilimpa Gavana uwezo wa kuzuia shamba la Mzungu lisiende kwa mtu wa rangi nyingine. Na karatasi ya miaka 999 ilikuwa inakubaliwa kuwa rehani. Serikali ilipoanzisha benki ya ardhi na kilimo mwaka wa 1931, masetla walikopa humo, wakanunua plau na mbegu za ngano. Sisi tunaojua habari ya mkopo na dhamana, hapo tunasimama kidogo tufikiri. Mtu anapewa kitu asichokinunua, anakipeleka benki, anapewa pesa juu yake. Kumbe yule mama mkubwa alikuwa anasema hivyo.

Upande wa pili wa sheria ndio uliotuhusu. Mwaka wa 1921 Jaji Mkuu Barth alitoa hukumu katika kesi ya shamba kule Ukikuyu, akasema kwamba Waafrika si wenye ardhi, hata ile ya rizavu. Kwa maneno ya sheria walikuwa wapangaji wanaokaa kwa hiari ya Mfalme, na akitaka watoke watatoka. Hebu tuyaweke mambo haya mawili pamoja. Mgeni alikuwa mpangaji wa miaka 999. Mwenyeji alikuwa mpangaji asiye na hata siku moja iliyoandikwa.

Wako waliojaribu kuandikiana na serikali. Mwaka wa 1904 viongozi wa Wamaasai waliweka alama zao kwenye mapatano ya kuhama Bonde la Ufa. Waliahidiwa kwamba mahali wanapopelekwa, Laikipia na kusini ya reli, patakuwa pao maadamu Wamaasai wapo duniani. Maadamu hiyo ilidumu miaka saba. Mwaka wa 1911 yakaletwa mapatano mengine, wakahamishwa Laikipia pia, kwa sababu masetla waliipenda. Walikwenda mahakamani mwaka wa 1913, wakaambiwa kwamba mapatano yale ni kama ya nchi na nchi, kwa hiyo mahakama haiwezi kuyaamua. Sisi tulisoma hapo mara tatu. Walipochukuliwa ardhi waliambiwa wao ni raia wa himaya, na walipodai haki wakaambiwa wao ni nchi nyingine.

Na kwa Wanandi, ambao ndio jirani zetu na wengine wetu ndio damu yetu, hata rizavu haikuachwa. Baada ya vita vya kwanza vya dunia serikali ilitaka kuwapa mashamba askari wa Kiingereza waliorudi, na kipande cha rizavu ya Wanandi kikakatwa kwa ajili yao. Mwaka wa 1923 Barsirian arap Manyei, mwana wa Koitalel, alikamatwa watu walipokuwa wanajiandaa kufanya mkutano mkubwa, akawekwa kizuizini kwa karibu miaka 40.

Sasa tuje kwa wazazi wetu.

Shamba la ekari elfu moja au elfu mbili halilimwi na mtu mmoja na mkewe. Mzungu alikuwa na ardhi lakini hana mikono. Wazee wetu walikuwa na mikono na ng'ombe, lakini rizavu zimejaa, na kodi ya nyumba inadaiwa kwa pesa taslimu. Basi wakaja hapa kutoka kila upande: Nandi, Keiyo, Maragoli, Bunyore, Kisii, Kikuyu. Walikuja kuwa maskwota. Skwota alipewa mahali pa kujenga kibanda, kipande cha kulima na ruhusa ya kulisha mifugo kadhaa, naye akatoa kazi. Sheria ya 1918 ilisema kazi isipungue siku 180 kwa mwaka. Ilipofika sheria ya 1937, iliyoanza kutumika mwaka wa 1940, mabaraza ya wilaya ya masetla yalipewa uwezo wa kupanga yenyewe siku za kazi na idadi ya mifugo. Siku zikapanda, 240, mahali pengine 270. Ng'ombe wakashuka. Wazee walioingia na ng'ombe ishirini waliambiwa wabaki na wachache au wasibaki na hata mmoja, kwa sababu ng'ombe wao ati wanaleta magonjwa. Mwanamume alivaa kipande shingoni, kimefungwa ndani ya kikebe, na bila sahihi ya bwana shamba hakuweza kwenda kutafuta kazi kwingine.

Kipande kilikuwa cha wanaume. Mkataba wa skwota pia uliandikwa kwa jina la mwanamume. Mama zetu hawakuandikwa popote. Lakini msimu wa mavuno ukifika, nyapara alipita laini kwa laini alfajiri akigonga milango, na waliotoka walikuwa ni wanawake na watoto pamoja na wanaume. Mama mkubwa wa karibu na mlango alituambia kwamba mama yake alimzaa wakati wa kuvuna mahindi, na baada ya wiki mbili akarudi shambani naye akiwa mgongoni. Kuna walioshona magunia, waliopalilia mahindi ambayo mstari mmoja huoni mwisho wake, waliochuma pareto, waliokamua ng'ombe wa gredi na kwenda nyumbani na maziwa yaliyokwisha kutolewa mafuta kwa mashine. Usiku wakalima kipande chao kwa mwezi, maana mchana ulikuwa wa bwana.

Na skwota akizeeka? Hapa ndipo mama yetu alipolia, na hatukumwuliza zaidi siku hiyo. Baba yake alifanya kazi shamba moja miaka 26. Siku alipoanza kukohoa na kushindwa kubeba gunia, aliambiwa mkataba wake haufanywi upya. Walipewa muda wa kuvuna, wakavuna, wakatoka na mbuzi wanne na masufuria. Hawakuwa na rizavu ya kurudi kwa sababu kule kwao ndugu walikuwa wamekwisha kugawana. Yeye alikuwa msichana wa miaka tisa. Anasema anachokumbuka zaidi ni kwamba mama yake alipalilia bustani ya sukumawiki siku ileile ya kuondoka.

Mwaka wa 1939 mipaka ya ardhi ya Wazungu ya nyanda za juu iliwekwa kwa amri kutoka Uingereza, kiasi cha maili 16,700 za mraba. Miaka 21 tu baadaye, mwaka wa 1960, baada ya vita vya Mau Mau na mkutano wa Lancaster House, milango ikafunguliwa na watu wa rangi zote wakaruhusiwa kuwa na mashamba huko. Ile miaka 999 haikufika hata 50.

Lakini msifurahi upesi. Mwaka huohuo wa 1960 serikali ya mkoloni iliwaruhusu wenye karatasi ya kukodi wazibadilishe ziwe za kumiliki kabisa. Halafu likaja jambo la kununua. Kuanzia 1962 kulikuwa na mpango mkubwa wa ekari milioni moja, ule wazee wanaouita sikimu. Familia kama 35,000 zilipewa vipande. Huku kwetu wengi wanazijua sikimu za Lugari na Lumakanda. Pesa zilitoka Uingereza na Benki ya Dunia na kwingine, na masetla waliotaka kuondoka walilipwa bei ya soko. Aliyeingia sikimu alipewa barua na deni la kulipa kwa miaka 30 pamoja na riba. Yaani aliyekodi kwa senti chache alilipwa, na aliyekuwa skwota akalipa. Tunajua wengine watasema bila mpango huo tungepigana. Huenda. Lakini wazee walioshindwa kulipa deni la sikimu wanajua ilikuwaje kupata barua ya kudaiwa juu ya ardhi ambayo baba zao walifukuzwa juu yake.

Mashamba mengi hapa Uasin Gishu hayakuingia sikimu. Yalinunuliwa na vyama na kampuni za kununua mashamba, watu wakachanga kidogo kidogo kama sisi, na mengine yakaenda kwa wenye uwezo. Misitu ya miwati ya kampuni kubwa ilibaki mpaka mwanzoni mwa miaka ya 2000, ndipo ikakatwa vipande na kuuzwa. Waliochanga ni wengi. Waliopata hati ni wachache kuliko waliochanga, na katika hao wachache majina ya wanawake mlikuwa mnayahesabu kwa vidole. Mume ndiye aliyeandikwa. Mke aliuza maziwa na pombe apate ile hisa, lakini risiti ikasoma jina la mume. Alipokufa mume, ndugu zake wakaja.

Mwaka wa 1992, na tena mwanzo wa 2008 baada ya uchaguzi, tuliona jambo lingine, kwamba hata mwenye karatasi anaweza kufukuzwa. Hatutasema mengi hapo, kwa sababu katika kikundi hiki tuko waliochomewa nyumba, na tuko ambao vijana wetu walikuwa upande ule mwingine, na tumekaa pamoja kwenye viti hivi kwa miaka kumi. Ila tunataka watoto wetu wajue kwamba ugomvi ule haukuanza na majirani. Ulianza siku ardhi ilipoandikwa haina mwenyewe, ikagawiwa kwa nambari, halafu watu waliohamishwa kwa sababu mbalimbali wakaachwa waulizane wao kwa wao nani wa kwanza.

Sasa tunafika kwetu. Mwaka wa nne wa kikundi, kama mnavyokumbuka, tulikodi ekari nne kwa miaka mitatu. Tulilipa yote mara moja kwa sababu mwenyewe alisema atatupunguzia. Tuliandikiana kwenye karatasi ya daftari, mashahidi wawili, sahihi na kidole gumba. Msimu wa kwanza tulivuna magunia, tukafurahi, tukanunua viti. Msimu wa pili, mahindi yakiwa yamefika magotini na mbolea ya kukuzia imekwisha kutiwa, wakaja ndugu zake. Kumbe hati ilikuwa bado ina jina la baba yao marehemu. Yule bwana hakuwa na uwezo wa kutukodishia. Tulikwenda kwa chifu, tukaenda kwa wazee, tukaambiwa karatasi yetu ni maneno mazuri lakini haifungi mtu ambaye hakuiandika. Mahindi walivuna wao. Akina mama watatu waliondoka kwenye kikundi mwaka huo, na mmoja alikuwa na karo ya mtoto ndani ya zile pesa. Wawili wamerudi. Huyo wa tatu hajarudi, na tunapokutana naye sokoni anatusalimu vizuri, lakini anatupita.

Sisi viongozi tulikosea. Hatukwenda ofisi ya ardhi kutafuta jina lililo kwenye hati. Ni jambo la ada ndogo na siku moja. Hatukumwita mke wake, wala hatukuuliza kama bodi ya ardhi ilihitaji kuidhinisha. Tunaliandika hapa kwa sababu katika vitabu vya namna hii watu huandika mafanikio tu.

Tangu wakati huo tumejifunza. Katiba ya 2010 imesema mtu asiye raia hawezi kuwa na ardhi hapa isipokuwa kwa kukodi, na muda usizidi miaka 99. Wale wageni waliokuwa bado wana 999, karatasi zao zilihesabiwa kuwa za 99 tangu siku Katiba ilipoanza. Katiba hiyohiyo imesema ubaguzi wa wanawake katika mambo ya ardhi uondolewe, hata ule wa mila. Sheria ya urithi imeanza kutumika tangu 1981, na sheria inamtaka mwenye shamba la familia apate kibali cha mwenzake kabla ya kuuza. Zote hizi ni karatasi, na tumekwisha kuona karatasi zinavyoweza kwenda. Lakini bora hizi, maana sasa tunaweza kuzishika sisi.

Mwaka jana kikundi kilimkopesha mwanachama wetu mmoja, mjane, pesa za kufuata mirathi. Barua ya sikimu ya marehemu mume wake ilikuwa imekaa zaidi ya miaka 40. Wakati wa vita vya 2008 aliifunga kwenye nailoni, akaitia ndani ya debe, akaifukia nyuma ya choo, kisha akakimbia na watoto. Aliporudi nyumba haikuwepo, debe lilikuwepo. Alizunguka ofisi miezi kumi na moja. Hati aliyoletewa ina jina lake na majina ya watoto wake wote, wasichana wawili na mvulana. Aliileta mkutanoni, ikapitishwa mkono kwa mkono, na hata wale wasiojua kusoma waliishika.

Kwa hiyo sasa tuna ekari tano zinazouzwa karibu na mto. Hati imetafutwa ofisini, ina jina la anayeuza, na mke wake amekuja kwenye mkutano wetu akasema mwenyewe anakubali. Pesa zilizoko hazitoshi bado, zimebaki kama robo. Kamati imegawanyika. Wako wanaosema tukodi ekari kumi kwa miaka mitano kwa pesa hizohizo, tuvune zaidi, na hoja yao si mbaya, kwa sababu mahindi ya ekari kumi ni mengi kuliko ya tano. Sisi tulioandika haya tunataka kununua. Na tunataka shamba lisiandikwe kwa majina ya mwenyekiti, katibu na mweka hazina peke yao, maana sisi tutazeeka na tutakufa kama watu wengine, na watoto wetu wakiona majina yetu watadhani ni lao. Wakili ameombwa aje atueleze namna ya kuwaandika wote 41.

Kura itapigwa mkutano wa mwisho wa mwezi, saa nane mchana, kanisani. Kila mwanachama aje mwenyewe, asitume mume wala mtoto, na aje na kitambulisho na kitabu chake cha akiba. Huyo mama wa tatu tumempelekea barua. Kiti chake tutakiweka.